Kikopo Kisichokuwa na Jina

Port Reitz, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya ile Ijumaa niliyokosa kukupigia simu. U hali gani? Goti la kulia limepoa, au bado lakusumbua unapoinuka kwenye msala? Na Salma, mke wa kaka Omari, ashapata nguvu baada ya uzazi? Mtoto je, yule bwana mdogo aliyekuja duniani akapewa jina la marehemu baba? Nasikia analia kwa sauti nene, kama babu yake alipokuwa akituita tuje tule. Alhamdulillahi. Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri, na shingo imenenepa hata kola za mashati zinanibana. Ndege zinazotua hapa uwanjani hupita chini chini juu ya bati letu mpaka chai inatikisika kikombeni, lakini nishazizoea. Siku moja zikichelewa, mimi ndiye ninayeuliza zimepatwa na nini.

Maimuna, dada yangu, wewe unayemsomea mama: soma taratibu na usiruke neno. Kuna maneno humu utayaonea haya. Yasome hivyo hivyo.

Mama, najua unawaambia watu wa Witu kwamba mwanao Athumani yuko maabara Mombasa, amevaa koti jeupe, anatazama kwenye hadubini. Koti ninalo. Hadubini nimeiona, iko juu ya meza ya mwenzangu. Kazi yangu mimi hasa, na nisamehe kulileta neno hili barazani kwako, ni kukusanya choo cha watoto.

Ndiyo. Umesikia sawasawa, na Maimuna hajakosea kusoma. Kila asubuhi nashuka Junda, kule Kisauni, na boksi la barafu begani. Nikisikia kuna nyumba ina mtoto mchanga anayeharisha, nabisha hodi, natoa salamu zote zinazostahili, kisha naomba kijiko kimoja kutoka kwenye nepi. Natia kwenye kikopo, nafunga kifuniko, naaga kwa adabu. Mimi! Athumani yule yule aliyekuwa akikimbilia barazani huku ameziba pua, kila Maimuna alipobadilishwa nepi, na siku moja akatapika kwa kuona tu. Watoto wa Junda wameshanipa jina, wananiita Bwana Nepi. Nikitokea kwenye kona wanapiga kelele, "Bwana Nepi huyo, fungeni choo!" Nami nacheka nao, nifanyeje.

Usione aibu kwa ajili yangu, maana kazi hii ina maana kubwa. Kuna vijidudu vinaitwa virusi vya rota. Ndivyo vinavyowaharisha watoto wadogo maji matupu, pamoja na kutapika na homa. Sote tulilelewa tukiambiwa ni meno yanaota. Meno yanasingiziwa, mama. Na virusi hivyo haviko namna moja. Wajua maembe ya shamba letu: kuna ngowe, kuna dodo, kuna boribo, na yote ni maembe. Virusi hivi navyo vina koo zake, na kila ukoo umepewa herufi na namba, kama gari. Siku hizi mtoto akifika wiki sita hupewa matone ya kinywani ili mwili wake uvijue mapema, na akivikuta baadaye visimuangushe. Sasa wakubwa wetu wanataka kujua koo zilizoko Mombasa leo ni zile zile ambazo matone yanazizuia, au pameingia mgeni. Huwezi kulijua hilo kwa kumtazama mtoto usoni. Lazima uangalie choo, na choo hakijiletei chenyewe.

Basi nataka nikusimulie habari ya Bi Riziki, kwa sababu bila yeye barua hii nisingeiandika.

Bi Riziki ni bibi mmoja wa Junda, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kupasua nazi. Nyumba yake ipo kwenye uchochoro ambao mimi na Kadzo hatukuwahi kupata hata kikopo kimoja. Kadzo ni mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa ule, Mgiriama wa Kaloleni, mwanamke mcheshi anayemjua kila mtu na kila mbuzi. Yeye ndiye hunitangulia majumbani, kwa kuwa si vizuri mwanamume mgeni kuingia penye wanawake peke yao. Jumanne moja akaniambia, "Leo twende kwa Bi Riziki. Mjukuu wake Swabra anaharisha siku ya tatu. Lakini jikaze, jamani, yule bibi ana mdomo."

Tukafika, Kadzo akapiga hodi.

"Karibu wewe," sauti ikajibu kutoka ndani. "Huyo mwenye boksi asimame papo hapo alipo."

Nikasimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari zako nimezisikia. Ndiwe mwenye kuzunguka waomba mavi ya watoto wa watu. Wayapeleka wapi?"

"Maabara, bibi."

"Na huko maabara yafanywani?"

"Yapimwa."

"Na yakisha kupimwa?"

Mama, nikalishusha boksi begani. Nimesoma chuo miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Waona!" akasema. "Hujui. Kitu cha mtoto hakitoki nje ya ua wangu. Mimi hata kucha zake nazifukia. Leo nimpe mwanamume nisiyemjua choo cha mjukuu wangu, aende akakifunge kwa uzi, mtoto asipate haja mpaka anifie? Sikupi. Kaombe kwenu."

Sheria ya kazi yetu ni kwamba aliyekataa amekataa. Unashukuru, unaondoka. Nilikuwa nimeshageuka na boksi langu. Ndipo mtoto akalia.

Hakulia kwa nguvu. Kilikuwa kilio kikavu, kifupi, na mimi nikageuka tena nikamwona pale mlangoni mikononi mwa mamake, binti mdogo anaitwa Zuhura, mkaza mwana wa Bi Riziki. Swabra alikuwa amekunja uso mzima kama mtu anayelia, na machozi hayatoki. Macho yameingia ndani. Kadzo akaingia, akamfinya ngozi ya tumbo kidogo, na ngozi ikabaki imesimama kabla ya kurudi.

"Amekunywa nini tangu asubuhi?" Kadzo akauliza.

Zuhura akamtazama mavyaa yake.

"Nimemkataza mimi tangu jana," akasema Bi Riziki. "Akinywa yatoka. Tumbo likikosa maji litakauka lenyewe. Ni meno hayo, yakitoka atapoa."

Wallahi mama, maneno yale nilikuwa nimeshawahi kuyasikia, kwa mpango ule ule, nikiwa na miaka saba, jikoni kwetu.

Maimuna, hapa simama kidogo. Kama kuna jirani amekuja kukaa, msubiri aondoke. Salma abaki, yeye ni mama wa mtoto.

Mama, mimi na wewe hatujawahi kumzungumza Hamadi. Mdogo wangu alikuwa na miezi tisa alipokufa, na tangu siku ile jina lake limekuwa kama kitu kilichofungiwa kabatini na ufunguo umefichwa. Siku ile Junda niliingia nyumba ya watu bila kukaribishwa, na viatu vyangu miguuni. Nilimwambia Bi Riziki, "Bibi, choo chako kaa nacho. Sikitaki. Mpe mtoto maji." Kisha nikamwambia habari ya Hamadi, mimi nimesimama katikati ya mkeka wake, nalia mbele ya wanawake watatu.

Nilimwambia kwamba Hamadi naye aliharisha maji matupu, na mtaa mzima ulikuja kutushauri tusimpe kitu cha kunywa, na sisi tukatii kwa kuwa tulimpenda. Nilimwambia kwamba alilia vile vile bila machozi. Mama, haikuwa kosa lako. Nimefanya kazi hii sasa mwaka na zaidi, na hakuna ninalolijua kwa hakika kuliko hilo. Uliambiwa na watu wazima uliowaamini, na hao waliambiwa na waliowatangulia. Nimeona mama wengi wakifanya kama ulivyofanya, na wote walikuwa wakiwapenda watoto wao.

Kisha nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia binadamu yeyote. Nawe nakwambia sasa.

Asubuhi ile Hamadi alipoanza kuugua, ulinipa nepi nne nikaziloweke kwenye ndoo kule nyuma. Wakumbuka? Tatu niliziloweka. Ya nne ilikuwa imejaa, na mimi pua juu, sikuweza. Niliishika kwa kijiti nikaitumbukiza kwenye shimo la choo, nikaenda zangu kucheza. Baadaye Bi Zena, jirani yetu wa mlango wa mbele, alikuja kukusaidia, akakuta ndoo imekaa tu, akazifua zile tatu akazianika. Jioni ulihesabu kambani ukakuta moja haipo. Na Hamadi alipofariki, watu wakaanza kusema kwamba kuna mkono umeichukua ile nepi ukamfunga mtoto. Ukamuuliza Bi Zena mbele ya watu matangani, "Nepi nyingine iko wapi?" Yeye akabaki ameduwaa na sahani ya wali mkononi.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza. Nilisikia. Niliogopa kuchapwa, nikanyamaza. Kesho yake nikaogopa zaidi, na mwaka uliofuata zaidi ya hapo, mpaka ikawa kitu kikubwa kunizidi. Tangu hapo mlango wetu wa mbele haufunguliwi. Tunapita uani, tunazungukia kwenye mpapai, mvua jua, ili usitazamane na mlango wa Bi Zena. Wageni wakiuliza tunasema kitasa kimeharibika. Kitasa hakina ubaya wowote, mama. Ni mimi.

Nilipomaliza kuyasema hayo kwa Bi Riziki, nilipangusa uso kwa mkono wa koti. Kadzo alikuwa akitafuta kikombe.

"Nepi moja?" Bi Riziki akauliza.

"Moja, bibi."

"Na huyo jirani yu hai?"

"Yu hai. Milango yatazamana."

Nikadhani atanifukuza. Kadzo alikuwa ameshakoroga ile dawa ya unga ya chumvi na sukari kwenye maji safi na ameanza kumnywesha Swabra, akimwaga nusu kwenye kidevu. Bi Riziki akampokonya kikombe.

"Leta hapa. Mwamnywesha kama mwatia mafuta taa kwenye jiko. Mjukuu hunyweshwa na bibiye."

Akaketi, akamweka Swabra pajani, akaanza. Kijiko, anasubiri. Kijiko, anasubiri. Mtoto akatapika, Bi Riziki akampangusa kwa upindo wa leso, akangoja kidogo, akaanza tena kama hakuna lililotokea. Zuhura alikaa ubavuni kwake, na kila kijiko kilipoingia alikuwa akifungua kinywa chake mwenyewe. Mimi boksi langu nililisahau nje juani, barafu yote ikayeyuka. Sijui tulikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba ghafla Bi Riziki aliinua mguu, akashika leso yake, akaigusa, akaitazama, kisha akapiga kigelegele kilichotoa watu kwenye nyumba tano.

Swabra alikuwa amekojoa.

Sijapata kuona mkojo ukipigiwa vigelegele, mama. Zuhura alicheka na kulia kwa pamoja. Kadzo akaanza kucheza pale pale ukumbini. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya boksi langu, nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka wa mkabala akaniuliza kama nimepatwa na jua.

Tukawapeleka kituo cha afya siku ile ile. Swabra alilazwa, akapewa vidonge vya zinki na maji ya kutosha, na siku ya tatu nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani anajaribu kula kifungo cha koti langu. Bi Riziki alikuwa pale na kikapu chake cha ukindu, amevaa buibui kama anayekwenda harusini.

"Kile kitu chako ulichokuwa wakitaka," akaninong'oneza, "nimekuwekea. Cha leo asubuhi. Lakini twenda sote. Sikuachii peke yako."

"Hewala, bibi."

"Na sharti la pili. Ushamwambia mamako habari ya ile nepi?"

"Bado."

"Basi mimi nakupa changu, nawe utampa mamako chake. Na uandike, usipige simu. Simu mtu huikata akikasirika. Barua ataikunja, kisha ataikunjua."

Hivyo ndivyo kikopo cha Swabra kilivyovuka daraja la Nyali kikiwa ndani ya kikapu, kwenye gari la mradi, kimefunikwa kwa buibui la bibi. Hakuniruhusu kukigusa. Dereva wetu, Mzee Charo, aliendesha kama amebeba mayai. Tulipokwama kwenye foleni, kijana muuza viazi karai alichungulia dirishani akauliza, "Bibi, kikapuni wauza nini?" Bi Riziki akamjibu bila kupepesa, "Achari ya ndimu. Haiuzwi." Mzee Charo ilibidi azime gari acheke kwanza.

Kule maabara aliketi karibu na meza kama hakimu. Daktari wetu ni mwanamke mpole wa Lamu, akamwamkia vizuri na kumletea maji ya kunywa. Alipochukua kalamu kuandika kwenye kikopo, Bi Riziki akainuka.

"Hapo waandika jina la mtoto?"

"Hatuandiki jina, bibi. Namba tu."

"La mamake?"

"Hata."

"Na namba hiyo si siku aliyozaliwa?"

"Siyo. Ni namba ya kikopo."

Hakuridhika. Akataka aone vikopo vingine, na daktari akamfungulia jokofu akavitazama kimoja kimoja, vyote na namba zake, hakuna Fatuma wala Juma wala binti fulani. Nikamwona mabega yanashuka. Wajua mwenyewe, mama, anayetaka kumfunga mtoto lazima awe na jina lake na la mamake. Kisichokuwa na jina hakifungiki. Basi akakaa, akaruhusu. Daktari akachovya kijiti cha kupimia, na mbele ya macho yake vikatokea vistari viwili vyekundu. Rota ndani. Kidogo kikatiwa kwenye kichupa kipelekwe maabara kubwa vikatambuliwe virusi ni vya ukoo gani, na kilichobaki chote pamoja na nepi kikapelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka. Bi Riziki akakifuata. Akasimama pale na joto lile, mtandio puani, mpaka moshi ukaisha. Ndipo akakung'uta mikono.

"Sasa ni jivu," akasema. "Mwenye kutaka na aje achukue jivu."

Tangu siku ile Bwana Nepi ana mlinzi. Bi Riziki hunitangulia uchochoroni, anabisha milango na kusema, "Mpeni. Hakina jina, nimeona kwa macho yangu, na kinachobaki chachomwa." Nyumba ambazo hazikuwahi kunifungulia sasa zanikaribisha na mahamri. Na penye mtoto anayeharisha, kabla hata sijafika, yeye huwa ameshakaa na kijiko anamnywesha. Kadzo asema mradi umwandike kazi, kwa maana sisi wawili tumekuwa wasaidizi wake.

Lakini kila wiki alikuwa na swali moja kwa daktari. "Ashajulikana? Yuaitwaje aliyemwingilia mjukuu wangu?" Majuma yakapita, majibu yakaja kutoka maabara kubwa, na daktari akanipa ruhusa nimwambie. Nikamkuta kibarazani anapeta mchele, Swabra anatambaa miguuni pake na mashavu yake yote mawili yamerudi.

"Bibi, ameshajulikana," nikamwambia. "Ni ukoo wa kawaida kabisa, wa zamani. Si mgeni. Ni ule ule ambao matone yanauzuia. Swabra hakuyapata matone kwa kuwa mlimficha ndani wakati wake ulipofika."

"Jina lake nani?"

"G moja, P nane."

Akaacha kupeta. "Jii moja pii nane," akasema taratibu, kama anayeonja kitu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Na mimi miezi yote hii nimemnunia wa nyumba ya pili, sababu alimsifu mtoto mashavu. Nilikuwa namtafuta mtu, mwanangu. Kumbe hata si mtu."

Jioni ile ile sinia la vitumbua lilikwenda nyumba ya pili. Na mimi akanikazia jicho. "Changu nimetoa. Chako wapi?"

Nilikuwa naendelea kujivuta, mama, mpaka Maimuna aliponipigia simu wiki jana. Kaniambia kwamba Salma anataka kumpeleka mtoto zahanati akapate matone arubaini ikitoka, na wewe umekataa, kwa sababu nesi wa matone ni Mwanaidi, binti wa Bi Zena. Kaniambia umesema, "Mkono wa yule hauingii kinywani mwa mjukuu wangu." Siku ile sikuweza kula. Nilimwona mtoto wetu mwenye jina la baba amekunja uso analia na machozi hayatoki, kwa ajili ya nepi niliyoitupa mimi.

Nimehesabu kwa vidole. Arubaini yake yatoka Jumatano. Siku mbili baadaye, Ijumaa, ndiyo wiki sita kamili. Ni kama waliopanga matone walikaa na wanawake wa Witu wakaulizana. Matone hayo yana umri wake, mtoto akikua sana hapewi tena, kama Swabra. Akikosa ya Mwanaidi hakuna mengine karibu.

Mama, kama umekasirika, nikasirikie mimi. Nastahili kila neno utakalolisema, na ile fimbo niliyoikimbia nikiwa na miaka saba nitaifuata Witu nikipata likizo, nitainama mwenyewe, na Maimuna anaweza kutazama. Lakini Bi Zena hakuchukua kitu nyumbani kwetu. Alikuja kutufulia nguo za mgonjwa. Nakupenda, na nimechoka kukuona ukizungukia kwenye mpapai na goti hilo.

Nisalimie kaka Omari, mwenye nyumba na mwenye usingizi, mwambie baba wa mtoto mchanga naye huamka. Salma nampa hongera na pole zake. Shangazi Mwanahawa, aliyenifundisha kusonga ugali, mwambie nasonga mpaka leo na majirani wanaula. Mjomba Athumani, wajina wangu, naulizia kikohozi chake. Maalimu wa chuoni mwambie namwombea dua kila Ijumaa na aniombee. Maimuna, shukrani kwa kusoma bila kuruka. Najua hukuruka.

Kwenye kifurushi nimetia vikasha viwili vya halua. Kimoja nimekiandika jina lako. Cha pili hakina jina, na wewe wajua ni cha nani. Usimpe mtu akipeleke. Mchukue mtoto mkononi, shika halua, na siku hiyo usipite uani, mama. Kitasa cha mbele ni kizima.

Mimi mwanao,
Athumani, Bwana Nepi wa Junda